UZI: Kitenzi cha Kiingereza "wash" na vitenzi vyetu vinavyomezwa na "kuosha"

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu, na kwa wakubwa zangu waliomo humu nasema shikamooni.

Uzi huu umezaliwa na karatasi moja. Binti wa dada yangu alijifungua miezi michache iliyopita, na siku aliyoruhusiwa kurudi nyumbani alikabidhiwa karatasi ya maelekezo ya kumtunza mtoto mchanga, upande mmoja Kiingereza na upande wa pili Kiswahili. Shangazi yetu, ambaye macho yake hayasomi tena maandishi madogo, aliomba nimsomee. Nilipofika kwenye sentensi iliyosema "Osha mikono yako kabla ya kuosha mtoto," alinishika mkono nikanyamaza, kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Kuosha mtoto? Si mzima huyu?"

Mshtuko wake una sababu. Kwa masikio ya watu wa rika lake, na kwa yangu pia, binadamu anayeoshwa mwili mzima ni maiti. Aliye hai huoga, na asiyeweza kuoga peke yake, awe mtoto au mgonjwa, huogeshwa. Tunaposema mwosha huoshwa hakuna anayefikiria beseni la mtoto. Tunafikiria zamu ambayo kila mmoja wetu itamfikia.

Niligeuza karatasi upande wa Kiingereza nikahesabu. Neno "wash" lilikuwa limetumika mara tisa: mikono mara mbili, mtoto mwenyewe mara mbili, uso wake, kitovu chake, nguo zake, nepi zake na chupa ya maziwa. Mara zote tisa mfasiri ameandika "osha". Ukifungua kamusi ndogo ya Kiingereza na Kiswahili, jibu la kwanza unalolikuta mbele ya "wash" ni hilo hilo, kwa hiyo simlaumu mfasiri kana kwamba amebuni. Ninachokilalamikia ni kwamba neno moja la Kiingereza limekaa juu ya maneno yetu mengi kama chungu kilichofunikwa juu ya vingine, na sisi tunakubali kwamba chini yake hakuna kitu.

Kiingereza chenyewe hakikuwa hivi tangu mwanzo. Katika Kiingereza cha kale, kile kilichosemwa kabla ya Wanormani kuivamia nchi mwaka 1066, kitenzi "wascan", ambacho ndicho babu wa "wash", kilitumika hasa kwa nguo. Kwa mwili na vyombo walikuwa na kitenzi kingine, "thwean". Yaani walikuwa na mgawanyo unaokaribiana na wetu wa kufua upande mmoja na kunawa au kuosha upande wa pili. Baadaye "thwean" ikafa, "wash" ikarithi kazi zote, na leo Mwingereza hutumia neno moja kwa shati, sahani, uso na gari. Watu wa Iceland bado wanacho kitenzi ndugu wa kile kilichokufa, na wanakitumia kila siku. Sisi nasi tunalo bakizo lake bila kujua: ukoo ule ule wa "thwean" ulizaa neno la kitambaa cha kujikaushia, neno likapita kwa Wafaransa, likarudi Uingereza likiwa "towel", na kutoka huko tukalipokea sisi kama taulo. Kila unapojifuta uso baada ya kunawa, mkononi una kipande cha kitenzi ambacho wenyewe walikipoteza.

Nasimulia haya kwa sababu yanaonyesha kwamba lugha inaweza kupoteza mgawanyo wa namna hii, na ikishaupoteza inakaa hivyo kwa karne nyingi. Sioni kwa nini Kiswahili kifuate njia hiyo kwa sababu tu ya uvivu wa tafsiri.

Sasa tutazame "wash" inavyogawanyika ikifika kwetu. Swali la kwanza ni hili: kinachotiwa maji ni nini? Kama ni nguo, shuka, pazia au nepi, basi inafuliwa. Kufua si kutia maji tu. Kuna kuloweka, kupaka sabuni, kufikicha kola na makwapa, kusuuza, kukamua, kisha kuanika, na jioni kuanua. Mtu akikwambia amefua, umeshaelewa kwamba kuna kamba iliyojaa nguo mahali fulani. Mtu akikwambia ameosha shati, mimi humwona amelipitisha chini ya bomba.

Kitenzi hiki kina ndugu wanaosaidia kukielewa. Mhunzi hufua chuma, mkulima wa minazi hufua dafu kwa kulichoma kwenye kifuo, na tangu mitambo ya umeme ije tunasema mitambo ya kufua umeme. Wazo linaloonekana kuviunganisha ni la kupiga na kutumia nguvu, na yeyote aliyewahi kumtazama dobi wa zamani akiinua shuka lililolowa, akilizungusha juu ya bega na kulishusha juu ya jiwe mpaka maji yaruke pande zote, hatahitaji maelezo zaidi. Mashine imeondoa jiwe, ila neno limebaki, na ni haki libaki. Hata maneno ya mtaani yameshika hapo hapo: mtu aliyeishiwa huambiwa amefulia.

Kama kinachotiwa maji ni mikono au uso, na mwenye mikono ndiye anayefanya, basi ananawa. Kitenzi hiki kina uzuri ambao Kiingereza hakina. Ukisema "nimenawa" ukanyamaza, umeeleweka. Mikono au uso umo ndani ya neno lenyewe. Ukisema "nimeosha" ukanyamaza, msikilizaji atasubiri umwambie umeosha nini. Na kama mwingine ndiye anayekumiminia maji, amekunawisha. Nadhani wengi wetu tulifundishwa kazi hii kabla ya kufundishwa kusoma: unasimama mbele ya mgeni, mkono wa kulia umeshika birika, wa kushoto umeshika beseni, taulo liko begani, unaanza na mkubwa kuliko wote, unainama kidogo, unamimina taratibu, unakata maji anapopaka sabuni, unayarudisha anapokuwa tayari, na humwachi mpaka yeye mwenyewe aseme ahsante. Mtoto aliyeambiwa "waoshe wageni mikono" ataweza kuifanya kazi hiyo, sikatai. Lakini aliyeambiwa "wanawishe wageni" ameshapewa adabu yake pamoja na kazi.

Mwili mzima ni kuoga. Mtu mwingine ni kumwogesha. Mdomo ni kusukutua. Sakafu ni kudeki au kupiga deki, neno tulilolipata kwa Waingereza wenyewe kutokana na sitaha ya meli, ingawa wao wakiwa nyumbani wanasema "wash the floor". Sufuria iliyoungua husuguliwa kwanza, ndipo ikaoshwa. Kuosha kwenyewe basi kunabaki na himaya yake halali na kubwa: vyombo, mchele, mboga, matunda, gari, miguu, nywele, kidonda. Sisemi tukiondoe kitenzi hiki. Nasema kirudi kwenye mipaka yake.

Karibuni kwa michango.

Mchangiaji wa kwanza, Unguja

Assalamu alaykum mwalimu wangu. Umesema kweli, nami naongeza la kwetu. Huku kwetu twasema kukoga na kukosha: watu hukoga, vyombo hukoshwa, mtoto hukogeshwa. Wale wazee wanaoitwa msiba ukitokea ni wakosha maiti. Nimefurahi ulipogusa jambo la shangazi yako, kwani kwetu kazi ile ina heshima na masharti yake, na si kila neno la maji hutumika kwa kila mtu.

Naomba pia usiisahau ibada. Muislamu kabla ya kusali hutawadha, au husema anatia udhu. Hapo pana kunawa mikono, kusukutua, kupandisha maji puani, kuosha uso, mikono mpaka viwikoni, kupaka maji kichwani, na miguu mpaka vifundoni, kwa mpango maalumu. Mwingereza akitafsiri atasema mtu "anajiosha" na ataona amemaliza. Lakini mtu aweza kuwa ametoka kukoga sasa hivi, mwili unanukia sabuni, na bado hana udhu. Na aweza kuwa na vumbi la shamba miguuni, akatawadha, akasali. Usafi wa kutoa uchafu na usafi wa kuondoa hadathi, yaani ile hali ya kutokuwa na udhu, ni viwili, na Kiswahili kimevipa majina mawili.

Na nenda pole na neno kutawaza. Wageni hulichanganya na kutawadha. Mfalme hutawazwa, na mtoto mdogo akitoka msalani naye hutawazwa, kila mmoja kwa maana yake.

Mchangiaji wa pili, Arusha

Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa chuo, nasoma tafsiri. Naomba kuuliza: Je, wafasiri wakubwa waliotutangulia walilishughulikiaje jambo hili? Au nasi ndio tunaoanza?

Mleta uzi

Marahaba mwanangu, na ahsante kwa swali zuri. Hatuanzi sisi. Chukua Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyochapishwa mwaka 1952, uiweke kando ya Biblia ya Kiingereza ya King James ya mwaka 1611, ufuatilie neno hili moja. Kwa Kiingereza Pilato anachukua maji na "washed his hands". Kwa Kiswahili akanawa mikono. Kipofu anaambiwa aende akafanye "wash" kwenye birika ya Siloamu. Kwa Kiswahili anaambiwa kanawe. Yesu anaanza "to wash" miguu ya wanafunzi. Kwa Kiswahili anaanza kuwatawadha. Katika Zaburi ya 51 mwenye kutubu anaomba Mungu "wash me". Kwa Kiswahili anasema unioshe. Neno moja kule, maneno matatu kwetu, na kila moja limechaguliwa kwa kuangalia nani anamfanyia nani na kwa nini.

Angalia hasa lile la miguu. Wangeweza kuandika "kuosha", na miguu ni moja ya viungo ambavyo kuosha kunavikubali. Walichagua neno ambalo mwenzetu wa Unguja amelieleza hapo juu, neno la usafi wenye maana ya kiibada, kwa sababu tendo lile halikuwa la kuondoa vumbi tu. Nilipokuwa kijana nilidhani ni kosa la wafasiri kutumia neno la msikitini ndani ya Injili. Nilipokua nikaona kwamba walikuwa wanasikiliza lugha yote, pwani nzima, na wakachukua neno lililobeba kile walichotaka kukisema.

Na zingatia Pilato. Tangu hapo kunawa mikono kukawa pia kujitoa katika jambo, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili vile vile. Hapa tafsiri ya moja kwa moja inafanya kazi, kwa sababu hadithi ni moja. Lakini hebu ujaribu kuandika kwamba waziri "ameosha mikono" katika suala fulani: msomaji atafikiri amemaliza kula.

Mchangiaji wa tatu, Nakuru

Nashukuru kwa mada hii, ila naona kama sisi wa bara tunahukumiwa bila kusikizwa. Mimi ni mwuguzi. Huku tunasema kuosha nguo, kuosha mikono, kuosha nyumba, na hakuna anayekosa kuelewa. Kiswahili si cha pwani peke yake. Mama akiniambia ameosha nguo za mtoto, nimrekebishe kabla ya kumpima joto?

Mleta uzi

Hapana, dada yangu, usimrekebishe, na nisamehe kama maneno yangu yamesikika kama hukumu. Mtu anayezungumza nyumbani kwake husema alivyolelewa, na mama mwenye mtoto mgonjwa hakuja kwako kufundishwa msamiati. Ninachokizungumzia ni maandishi yanayosambazwa kwa watu wa kila mahali. Karatasi inayosomwa na mama wa Nakuru, wa Tanga na wa Kigoma inafaa kutumia neno ambalo halitamshtua yeyote kati yao. "Fua nguo za mtoto" inaeleweka Nakuru kama inavyoeleweka Tanga. "Osha mtoto" inaeleweka Nakuru, lakini kwetu shangazi alinishika mkono.

Na kuna jambo la afya ndani yake, ambalo wewe unalijua kuliko mimi. Tangu mwaka 2008 dunia ina Siku ya Kunawa Mikono kila tarehe 15 Oktoba, na wakati wa korona mwaka 2020 mabango ya Tanzania yalituhimiza kunawa kwa maji tiririka na sabuni. Neno "tiririka" halikuwekwa kama pambo. Watu wengi walizoea kutumbukiza mikono ndani ya beseni moja, mmoja baada ya mwingine, na kusema wamenawa. Bango lililosema tu "osha mikono" lisingeligusa beseni lile. Vijijini watu walitundika vibuyu chirizi nje ya vyoo: dumu dogo lililotobolewa, kamba, na kijiti cha kukanyaga kwa mguu ili maji yachirizike bila mkono kugusa kitu. Jina lenyewe, kibuyu chirizi, linaeleza namna ya kunawa.

Mchangiaji wa nne, Kigali

Naomba kuchangia kama mtu anayeishi kati ya lugha mbili. Kinyarwanda nacho kinagawa kama Kiswahili. Nguo ni kumesa, mikono ni gukaraba, mwili ni koga, na vyombo ni koza. Ukiyaweka koga na koza pamoja, unaona kwamba la pili limezaliwa na la kwanza: kufanya kitu kioge. Nadhani ndivyo ilivyo kwa kuoga na kuosha. Kwa hiyo mgawanyo huu haukuletwa na washairi wa pwani wala na shule. Ni wa zamani katika lugha zetu.

Mleta uzi

Mchango huu umenifurahisha sana, na kama tunavyosema mtaani, umenikosha. Ni kweli kabisa kwamba kuosha ni mtoto wa kuoga, na kukosha ni mtoto wa kukoga. Kuogesha ni mtoto mwingine aliyekuja baadaye, akapewa watu walio hai, mkubwa akabaki na vyombo na maiti. Ndiyo maana nasisitiza kwamba hatuzungumzii visawe. Visawe vinabadilishana nafasi. Haya hayabadilishani.

Turudi kwa Kiingereza basi, maana nimeombwa pia kwa ujumbe wa pembeni nieleze visawe vya "wash" vyenyewe na maana zake za mbali. Wao wana "rinse", ambayo ni kusuuza: maji bila sabuni, au maji ya kuondoa sabuni. Wana "scrub", ambayo ni kusugua kwa brashi au dodoki. Wana "cleanse", ambayo ni ya uso kwenye chupa za vipodozi na ya nafsi kanisani, na kwetu mara ya kwanza ni kusafisha, mara ya pili kutakasa. Wana "bathe", ambayo huko Uingereza watu huitumia hata kwa kidonda, na huko Marekani ni kumwogesha mtoto. Mwanafunzi aangalie pia "wash up": kwa Mwingereza ni kuosha vyombo baada ya kula, kwa Mmarekani ni kunawa mikono na uso. Mtu aliyealikwa chakula cha jioni akiambiwa hivyo ni vizuri ajue amealikwa na nani.

"Launder" inahitaji kukaa nayo kidogo. Imetoka katika Kilatini kwa kupitia Kifaransa, ikiwa na maana ya kufua, na kwa nguo bado ina maana hiyo. Lakini habari za magazeti zimeizoesha zaidi kwenye fedha haramu. Kiswahili kingeweza kusema "kufua fedha", na hakikusema. Tulisema kutakatisha fedha, na mwaka 2006 Tanzania ikatunga sheria maalumu ya kuidhibiti kazi hiyo. Naona chaguo hilo ni sahihi kuliko la Kiingereza. Kufua ni kazi, kutakata ni tokeo. Unaweza kufua shati jeupe asubuhi nzima, ukatia bluu, ukaanika, na jioni ukasema kwa masikitiko kwamba halijatakata. Anayetakatisha fedha haramu hajali kazi; anachokitaka ni zionekane zimetakata. Na linaumiza kidogo kuona kitenzi kilichotupa neno takatifu kikitumika kwa wizi, lakini ndivyo uovu wenyewe ulivyo: unavaa nguo ya usafi.

"Brainwash" ina safari ya ajabu. Waingereza na Wamarekani waliipata mwaka 1950 kupitia mwandishi wa habari Edward Hunter, aliyetafsiri neno la Kichina lenye maana ya kuosha ubongo. Wengine wetu nao wakatafsiri hivyo hivyo. Mimi napenda zaidi neno tulilokuwa nalo, kumtia mtu kasumba. Kasumba ni afyuni. Anayeoshwa ubongo anaonekana kama aliyeondolewa kitu. Aliyetiwa kasumba ameingizwa kitu, naye anakipenda na kukitetea, na wale waliotufundisha kudharau lugha zetu wanajua lipi kati ya hayo mawili walilolifanya.

Mengine nitapita haraka. Chakula kikifuatwa na kinywaji Mwingereza ana "wash down", sisi tunashushia. Daraja lililochukuliwa na mafuriko kwao ni "washed away", kwetu limesombwa. Ukuta uliopakwa chokaa ni "whitewashed", na kashfa iliyofichwa pia. Kwetu ukuta hupakwa chokaa, kashfa hufunikwa. Kueleza siri za nyumba mbele ya watu kwao ni kufua nguo chafu hadharani. Sisi tunaanika mambo ya ndani, na naona tumechagua sehemu sahihi ya kazi ile, kwa sababu anayefua huinamia beseni lake, ila anayeanika anaonekana na mtaa mzima.

Moja tu limenistaajabisha, kwa kuwa lugha mbili zimefika mahali pamoja kila moja kwa njia yake. Nguo iliyofuliwa mpaka rangi ikatoka, Mwingereza huiita "washed out", na mwanamuziki aliyepitwa na wakati humwita "washed up". Kwetu nguo hiyo imechujuka, na mwanamuziki huyo tunasema amechuja. Sidhani tulinakili, beseni lenye maji yaliyogeuka rangi linaonekana kila nchi.

Mchangiaji wa pili, Arusha

Nashukuru sana mwalimu. Swali langu la mwisho: neno kusafisha je? Naona wengi tunalikimbilia tukiwa hatuna uhakika, kwa sababu linakubali kila kitu.

Mleta uzi

Linakubali kila kitu, na hapo ndipo lilipo tatizo lake. Kusafisha hakusemi kama maji yametumika. Unaweza kusafisha chumba kwa ufagio, simu kwa kitambaa na shamba kwa panga. Enzi za filamu tulipeleka mkanda kwa mpiga picha akatusafishia picha. Hospitalini, mwanamke akisema amesafishwa, wenzake wanajua kwamba mimba imeharibika na wanashusha sauti. Mwuguzi wetu wa Nakuru atathibitisha kama huko nako wanasema hivyo. Kwa hiyo mfasiri anayeandika "mama asafishwe" akidhani amepata neno la salama, amepata neno zito kuliko yote.

Kanuni ninayoitumia mimi ni kumwuliza mfanyaji wa kazi yenyewe. Ukitaka neno la nguo, kaa na dobi. Ukitaka neno la sufuria, kaa na mama ntilie. Sikiliza anachomwambia msaidizi wake anapokuwa na haraka, kwa kuwa mtu mwenye haraka hutumia neno lililo karibu na mkono.

Mchangiaji wa tatu, Nakuru

Hata huku wanasema hivyo, na wanashusha sauti vivyo hivyo. Sasa naomba mwalimu utuwekee ile karatasi ilivyokuwa baada ya kuirekebisha, maana naona nitaihitaji kazini.

Mleta uzi

Niliiandika upya usiku ule ule, na kesho yake nikamsomea shangazi kabla ya kumwonyesha mtu mwingine. Ilikuwa hivi:

"Nawa mikono kwa maji tiririka na sabuni kabla ya kumshika mtoto na kila baada ya kumbadilisha nepi. Mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu, mahali pasipo na upepo, na umkaushe mara moja kwa taulo laini. Usipomwogesha, mpanguse uso, shingo na makwapa kwa kitambaa safi kilicholowekwa na kukamuliwa. Nguo zake zifuliwe peke yake na zisuuzwe mpaka povu liishe. Nepi za kitambaa zisuuzwe kwanza, ndipo zilowekwe na kufuliwa, na zianikwe juani. Chupa ya maziwa ioshwe kwa maji ya moto na sabuni, isuguliwe ndani kwa brashi yake, isuuzwe, kisha ichemshwe. Kitovu kisafishwe kwa maji safi kikichafuka."

Alisikiliza mpaka mwisho akiwa amempakata mtoto. Kwenye nepi aliitikia kwa kichwa, na kwenye "mpanguse" akasema, "Hapo sawa." Ila sentensi ya kitovu alinirudishia. Alisema ukimwambia mama mchanga asafishe kitovu atadhani kuna dawa ya kupaka, ataanza kutafuta majivu na mafuta kwa majirani, na yeye ameshaona watoto waliougua kwa hayo. Akaniambia niandike kwamba kitovu hakipakwi kitu. Kikichafuka kipanguswe kwa maji safi na sabuni, kisha kiachwe wazi kikauke. Nimeifuta sentensi yangu na kuiweka yake, neno kwa neno, na ndiyo uichukue kazini kwako.